Hati ya nyumba yako inaisha mwaka gani?

Ndugu zangu, leo tuache siasa na mpira kidogo, tuzungumze nyumba. Nina swali moja tu kwa kila mwenye hati ya kiwanja hapa Tabora mjini, awe wa Cheyo, Kitete, Isevya au Gongoni: hati yako inaisha mwaka gani?

Najua wengine mtasema, "Inaishaje tena? Si kiwanja changu?" Hapo ndipo penye tatizo. Hati tunayoifungia kabatini pamoja na cheti cha ndoa si ya milele. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Wewe na mimi tunapewa haki ya kuitumia kwa muda, na kwa viwanja vya makazi muda huo kwa kawaida ni miaka 33, 66 au 99.

Sasa piga hesabu. Kiwanja kilichotolewa kwa miaka 33 kuanzia 1 Julai 1992 kilifika mwisho wake 30 Juni 2025. Yaani mzee aliyepata barua ya toleo enzi za Mzee Ruksa, akajenga tofali kwa tofali, inawezekana leo watoto wake wanaishi juu ya hati iliyokwisha muda na hawana habari. Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari. Hawa daftari wanalo, ila hawajalifungua.

Watu wa Tabora tusijifanye wageni wa jambo hili. Wafanyabiashara Waarabu waliopita njia ya misafara kutoka Bagamoyo walijenga matembe yao Kaze na Kwihara kwa ridhaa ya mtemi wa Unyanyembe. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliwakuta wameshatulia na bustani zao. Mtemi Fundikira alipofariki, Mnywa Sere akashika utemi na kuwatoza ushuru wa bidhaa zao. Wakakataa. Wakamng'oa, Mkasiwa akawekwa badala yake, na vita vikaendelea mpaka Mnywa Sere alipouawa mwaka 1865. Biashara ilikuwa na mengi yake, lakini somo moja ni wazi: mtu akijenga kwenye ardhi ya mwenzake huku masharti yakiwa ya mdomo tu, siku yakibadilika hapakaliki. Hati iliandikwa ili tusirudi huko. Lakini hati isiyosomwa ina tofauti gani na neno la mdomo?

Nisieleweke vibaya. Siupingi utaratibu wa kumiliki kwa muda. Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma Tabora Boys na baadaye akafundisha St. Mary's hapa hapa mjini, aliandika mwaka 1958 kupinga ardhi kuwa mali ya mtu moja kwa moja, akihofia kuwa wenye fedha wangeinunua yote na wengine kubaki wapangaji katika nchi yao. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 ikageuza umiliki wa milele kuwa wa miaka 99 kutoka serikalini, na mwaka 1969 ikapitishwa nyingine iliyougeuza kuwa haki ya kumiliki ardhi tunayoijua leo. Mimi naona hofu yake ilikuwa ya kweli, na bado ni ya kweli.

Ninachokipinga ni ukimya. Serikali inajua kukukumbusha kodi ya pango la ardhi. Kwa nini isikukumbushe pia kwamba umebakiza miaka mitano?

Maana muda ukiisha, hakuna tingatinga litakalokuja alfajiri kubomoa nyumba. Balaa lake huja kimya kimya. Unaenda benki kuomba mkopo wa kupanua duka, wanaangalia miaka iliyobaki, wanakurudishia karatasi zako. Unataka kuuza ili umsomeshe mtoto, mnunuzi makini anafanya upekuzi kwenye ofisi ya msajili, anaondoka. Asiye makini anakupa bei ya kutupa.

Kubaya zaidi ni pale mwenye jina kwenye hati ameshafariki. Hapo huwezi tu kwenda kuomba kuongezewa muda. Kwanza kikao cha ukoo, kisha mahakamani kuthibitishwa msimamizi wa mirathi, kisha usajili wa jina la msimamizi kwenye hati, ndipo mzungumze habari ya muda. Kama ndugu hawaelewani, hesabu miaka. Na katika ugomvi huo anayeumia mara nyingi ni mjane aliyebaki ndani ya nyumba, ambaye hata jina lake halikuandikwa.

Kuna jambo jingine linanichekesha na kunikera. Mkulima wa tumbaku wa kijijini Sikonge au Urambo, akipata hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, anaweza kuipata bila kikomo cha muda. Sisi wa mjini, tuliolipia upimaji na ramani, ndio tuliowekewa saa ukutani. Basi tuitazame hiyo saa!

Jirani zetu Kenya nao walishaonja joto la hati za zamani kuisha. Kanuni zao za mwaka 2017 zinaitaka mamlaka ya ardhi kumjulisha mwenye hati ndani ya miaka mitano kabla ya muda kwisha, na sheria yao inampa raia aliyekuwa akimiliki nafasi ya kwanza. Kwetu pia, aliyetimiza masharti ya hati anapaswa kufikiriwa yeye kwanza. Sasa tuongeze taarifa. Siku hizi kodi ya pango inalipwa kwa namba ya malipo kupitia simu. Ujumbe ule ule unaodai kodi ungeweza kubeba na mwaka wa mwisho wa hati. Gharama yake ni maneno matano.

Wakati tukisubiri, kazi ya nyumbani ni hii. Toa hati kabatini. Soma tarehe ya kuanza na idadi ya miaka. Hakikisha pango halidaiwi na matumizi ni yale yale yaliyoandikwa, maana kiwanja cha makazi kilichogeuzwa gereji kitakuletea maswali. Kama miaka imebaki michache, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa na maombi mkononi sasa, usingoje iishe. Na kama jina ni la marehemu, itisheni kikao cha familia mwezi huu, wakati wazee wanaojua historia ya kiwanja bado wapo.

Mzee aliyejenga nyumba ile alikuachia paa na mlango. Tarehe alikuachia uiangalie mwenyewe.

Naomba kuwasilisha.