Faiba haikuupa upinde kasi, iliupa umri

Pinde za Kimarekani za miaka ya 1950 na 1960, zile ambazo ncha zake zimejikunja kuelekea kwenye shabaha, siku hizi zinanunuliwa na wakusanyaji wa vitu vya kale, na anayeuza hakosi kusema kwamba faiba ndiyo iliyozifanya ziwe na kasi kuliko chochote kilichozitangulia. Kwamba faiba iliubadilisha upinde, hilo halina ubishi. Lakini haikuubadilisha kwa kasi. Iliuondolea maradhi yake ya tangu enzi, yaani kulegea, kuharibiwa na unyevu na kuvunjika bila kutoa taarifa, na kwa maoni yangu hiyo ni sifa kubwa kuliko ile inayotangazwa.

Chukua upinde mmoja wa aina hiyo uutazame ubavuni. Mkono wake si kipande kimoja cha mti bali ni tabaka zilizogandishwa pamoja: upande unaotazama shabaha kuna utepe wa faiba wenye unene wa milimita moja hivi, katikati kuna vipande vyembamba vya mbao, mara nyingi ya mepo, mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, kisha faiba tena upande unaomtazama mpigaji. Faiba hiyo si ya kusukwa kama kitambaa, ile inayotumika kuundia boti. Nyuzi zake zote za kioo zimelazwa kufuata urefu wa mkono. Upote ukivutwa, upande wa mbele unatanuliwa na upande wa ndani unabanwa, na mzigo karibu wote unabebwa na nyuso hizo mbili. Mbao ya katikati kazi yake ni kuzitenganisha na kuzizuia zisiteleze moja juu ya nyingine. Uzi uliolala kwa upana hausaidii lolote hapo, unaongeza uzito tu. Na hizo mbao za katikati hupunguzwa unene kidogo kidogo kuelekea nchani, kwa sababu gramu moja ya ziada kwenye ncha hula nguvu ambayo mshale ungeondoka nayo.

Hapo kwenye uzito ndipo madai ya kasi yanapoanza kuyumba. Kwa ujazo uleule, faiba ni nzito karibu mara moja na nusu kuliko pembe au kano za mnyama, na pembe na kano ndizo zilizotumiwa na mafundi wa Kituruki kwa karne nyingi: mti katikati, pembe ya nyati ndani, kano nje, vyote vikishikwa na gundi ya ngozi au ya kibofu cha samaki. Katika miaka ya 1790 Mahmud Efendi, katibu wa balozi wa Uturuki jijini London, alirusha mshale zaidi ya mita 400 kwa upinde wa namna hiyo, na Waingereza waliokuwa wakitazama walibaki midomo wazi. Hata huko Marekani, mwanafizikia C. N. Hickman alishaonyesha kwa hesabu na majaribio katika miaka ya 1930 kwamba mkono bapa hufanya kazi vizuri kuliko mkono wenye tumbo la mviringo wa upinde mrefu wa Kiingereza. Wakati huo faiba haikuwa imefika kwenye pinde. Kasi ilikuwa imeshajulikana inakotoka: umbo zuri na ncha nyepesi.

Tatizo lilikuwa kuitunza kasi hiyo. Upinde wa pembe na kano ulimchukua fundi miezi mingi, kwa kuwa gundi yake haikauki kwa haraka, na ukipata unyevu gundi hiyohiyo inaachia. Upinde wa mti mtupu hukubali kupinda hadi ukasahau kunyooka. Waliokimbilia chuma, huko Sweden na Uingereza, walipata mikono ya bomba isiyojali mvua kwa nje lakini iliyoshika kutu kwa ndani, ikakatika ghafla mkononi mwa mpigaji. Fred Bear, mtengenezaji wa pinde wa Grayling, Michigan, alijaribu tabaka za alumini mwishoni mwa miaka ya 1940, nazo hazikumfaa. Faiba, pamoja na gundi za kemikali za kizazi cha ndege za mbao za Vita Kuu ya Pili, ndiyo iliyofunga mjadala. Kiwanda kikaweza kutoa maelfu ya pinde, kila mmoja umeandikwa ubavuni pauni za nguvu inayohitajika kuuvuta, na pauni hizo hazibadiliki sana msimu ukipita. Mchezo wa kulenga shabaha uliporudi kwenye Olimpiki mwaka 1972 mjini Munich, baada ya kukosekana tangu 1920, ulirudi na pinde za mbao na faiba.

Mpinzani atasema: mbona pinde hizo zilizishinda pinde ndefu za mti zilizokuwapo sokoni? Zilizishinda, nakubali. Ila zilishinda kwa umbo. Mkono mfupi, mwembamba, uliokunjwa namna ile, ukiuchonga kwa mti peke yake utapasuka. Faiba iliruhusu umbo hilo litengenezwe kwa bei ya mtu wa kawaida, na umbo ndilo lililorusha mshale. Wengine watauliza kama tabaka zina umuhimu wowote, ikiwa Wawaata wa Tsavo waliwinda tembo kwa upinde wa mti mmoja. Wawaata walivuta pinde nzito ajabu, lakini sumu ya msunguti ndiyo iliyomaliza kazi, na mwindaji aliyejua kuchonga mwingine hakuhitaji upinde wa kudumu miaka 60.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni kwamba pinde hizi nazo huharibika. Ni kweli, ila tazama kinachoharibika. Mara nyingi ni gundi inayoachia baada ya upinde kuachwa ndani ya gari juani, au mkono unaosokoteka kwa kuegemezwa kwenye kona kwa miaka. Mistari myembamba ya nywele inayofuata urefu wa faiba kwa kawaida haina madhara. Ufa unaokata mkono kwa upana ndio wa kuogopa. Hata hivyo wanunuzi wengi hung'ang'ania rangi ya mbao za mapambo kwenye mshiko, wakalipia bei kubwa kabla ya kupitisha ukucha kwenye maungio ya tabaka.