ELIMU YA VITU: Kuchanganyika si Kuungana

Juma hili tutazame vitu vitatu ambavyo kila mtu wa Kericho na Bomet anavijua: kikombe cha chai, kibuyu cha mursik na mfuko wa mbolea. Vyote vitatu vimefanyizwa kwa vitu vingi pamoja, lakini namna ya kukaa pamoja si moja. Mwenye kuifahamu tofauti hiyo hadanganywi upesi sokoni, wala hapotezi fedha zake shambani.

Wataalamu husema kuna namna tatu. Ya kwanza ni mchanganyiko wa kawaida, ambao ndani yake kila kitu hubaki na tabia yake, kama mahindi na maharagwe katika gunia moja. Ya pili ni myeyusho. Huu nao ni mchanganyiko, ila kitu kimoja kimeyeyuka ndani ya kingine hata jicho haliwezi kuvitenga, kama chumvi ndani ya maji. Ya tatu ni kampaundi, yaani vitu viwili au zaidi vimeungana hata kikazaliwa kitu kipya. Chumvi yenyewe ni kampaundi. Imetokana na sodiamu, madini yanayowaka yakiguswa na maji, na klorini, hewa yenye sumu; lakini vikiisha kuungana twavila kila siku bila hofu.

Utazipambanuaje? Jiulize maswali matatu. Je, vitu hivi vyaweza kutengwa kwa kuchagua, kupepeta, kuchuja au kuviacha vitulie? Basi huo ni mchanganyiko wa kawaida. Je, vyapita katika kitambaa wala havitulii chini, lakini maji yakichemshwa mpaka yaishe kitu kingine chabaki sufuriani? Huo ni myeyusho. Je, njia hizo zote zashindwa, na tena kipimo cha kila sehemu ni kile kile siku zote? Hiyo ni kampaundi.

Sasa tutazame kikombe. Majani yaliyomo ndani ya birika hunaswa na chujio, kwa hiyo majani na maji ni mchanganyiko. Rangi na ladha hupita katika chujio, kwa maana zimeyeyuka. Sukari nayo huyeyuka, nawe waweza kutia kijiko kimoja au vitatu upendavyo. Lakini weusi wa majani yenyewe ni habari nyingine. Jani lichumwalo ni la kijani. Kiwandani hunyaushwa, hukatwakatwa, kisha huachwa lipate hewa. Hapo vitu vilivyomo ndani ya jani huungana na oksijeni, zikazaliwa kampaundi mpya zenye rangi nyekundu na ladha kali. Watu wa kiwandani huiita kazi hiyo kuchachusha, ingawa haifanywi na hamira kama ya pombe. Ndipo majani hukaushwa ili kuondoa maji, na ndiyo sababu kilo 4 hadi 5 za majani mabichi hutoa kilo 1 tu ya chai kavu. Maji waweza kuyarudisha, ukijani huwezi.

Mursik nayo yatufundisha mambo mawili katika kibuyu kimoja. Makaa ya mti wa senetwet yaliyosuguliwa ndani ya kibuyu hubaki makaa, yamechanganyika tu na maziwa. Lakini sukari ya maziwa imegeuzwa na vijidudu vidogo kuwa asidi, nayo ni kampaundi mpya. Ndiyo sababu ya uchachu. Hakuna mtu awezaye kuyarudisha maziwa yale yawe matamu tena.

Hali kadhalika na udanganyifu wa maziwa. Katika sehemu 100 za maziwa safi, sehemu kama 87 ni maji tangu mwanzo, basi maji yaliyoongezwa na mwuzaji hayachujiki. Karani wa maziwa hutumia kipimo kinachoelea. Maziwa safi ni mazito kidogo kuliko maji, kwa hiyo yakitiwa maji kipimo huzama zaidi. Mjanja akitia unga ili kukiinua kipimo, tone la iodini katika maziwa yaliyochemshwa na kupoa litageuka buluu.

Tufikie sasa mbolea, maana hapo ndipo fedha nyingi za mkulima huenda. Juu ya mfuko wa mbolea ya chai aghalabu huandikwa 26-5-5. Maana yake, katika mfuko wa kilo 50 mna kilo 13 za naitrojini, kilo 2 na nusu za fosfati, na kilo 2 na nusu za potashi. Urea ni kampaundi moja: katika kila kilo 100 za urea safi mna kilo 46 na zaidi za naitrojini, popote ilipotengenezwa. Lakini 26-5-5 ni mchanganyiko wa kampaundi kadha wa kadha. Wafanya biashara huiita kampaundi ikiwa kila punje ina vyakula vyote vitatu. Aina nyingine ni punje za namna mbalimbali zilizochanganywa mfukoni.

Mimina kidogo kiganjani uzitazame. Ikiwa punje zina rangi na ukubwa mbalimbali, jua kwamba zikitikiswa katika lori ndogo hushuka chini na kubwa hubaki juu. Majirani wawili wakigawana mfuko huo, mmoja akichukua nusu ya juu na mwenzake ya chini, huenda mmoja akapata naitrojini nyingi na mwingine akaikosa. Dawa yake ni nyepesi: mwageni mfuko mzima juu ya turubai, geuzeni kwa koleo, kisha ndipo mpime.

Mwaka 2024 ilijulikana kwamba baadhi ya mifuko waliyouziwa wakulima wa Kenya katika mpango wa ruzuku haikuwa mbolea ya haki, na habari hiyo ikafika hata Bungeni. Basi chukua kijiko kimoja, koroga katika bilauri ya maji safi, ukiache kitulie. Urea huyeyuka yote, na bilauri huwa baridi mkononi. Mbolea ya 26-5-5 yaweza kuacha mashapo kidogo, wala hilo si kosa. Lakini kama sehemu kubwa ya kijiko imetulia chini kama mchanga, usiitie shambani. Tunza mfuko na risiti, ukamwone afisa wa kilimo. Jihadhari pia: kuyeyuka peke yake si ushahidi, maana hata chumvi ya jikoni huyeyuka. Kiasi cha naitrojini hujulikana kwa vipimo vya maabara tu.

Neno la mwisho. Usichanganye majivu ya jikoni na mbolea yenye amonia. Vitu hivyo havikai pamoja kwa amani. Hubadilishana, na ile harufu kali utakayoisikia ni naitrojini uliyoinunua ikienda zake hewani. Tena mchai hupenda udongo wenye asidi, na majivu huiondoa. Majivu yapeleke penye mboga.