Usukani na Kitabu



Kijana mmoja wa sekondari, mkaaji wa mtaa wa Golf hapa Lubumbashi, ametupelekea swali ambalo hatukulitazamia kutoka mji ulio mbali na bahari namna hii. Ataka kujua mtu afanyeje hata awe nahodha wa mashua ya tanga. Baba yake mdogo ana chombo huko Kilwa (Kilwa yetu ya ziwa Moero, wala si ile ya pwani yenye magofu), naye humchukua kijana huyo wakati wa likizo. Baba mdogo asema kwamba maji hayajifunzwi darasani. Mwalimu wake asema kwamba asiye na cheti ni abiria tu. Akimaliza shule, kijana ameahidiwa usukani, na chombo hicho huchukua watu siku za soko. Ndiyo maana tumeona vema kumjibu kwa urefu.

Wako watakaosema kwamba mashua ya tanga ni mchezo wa matajiri, na kwamba mtu akaaye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari hana haja nayo. Hatukubaliani nao. Upepo wa kusini-mashariki ututiao baridi na vumbi wakati wa kiangazi ni jamaa wa ule kusi ujazao matanga ya Lamu na Unguja miezi hiyohiyo. Tena, sehemu moja ya mtaa wenyewe yaitwa Golf Météo, jina litukumbushalo elimu ya hali ya hewa, nayo ni elimu ambayo hakuna nahodha awezaye kuikwepa.

Tuanze na kitabu. Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hufundishwa ni kwamba chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kule utokako upepo. Mashua nzuri yaweza kuelekeza omo yake kiasi cha digrii 45 kutoka upepo. Ikijaribu kukaribia zaidi, tanga hupigapiga na chombo husimama. Basi atakaye kufika mahali palipo upande wa upepo hana budi kwenda joshi na kupiga bisho, mara kulia mara kushoto, kama mtu apandaye kilima kikali kwa njia ya kupindapinda. Kinachomsaidia asisukumwe kando ni mkuku, ule mti wa chini ambao watu wa nchi kavu hawauoni wala hawausifu.

Jambo la pili ni nguvu ya upepo. Mwairishi Francis Beaufort aliandika mwaka 1805 kipimo chake cha upepo, ambacho hata leo hutumika, kuanzia sifuri hata 12. Lakini hesabu iliyo muhimu kuliko kipimo chenyewe ni hii: upepo ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu yake juu ya tanga huongezeka mara nne. Mtu asiyejua hesabu hiyo hudhani kwamba upepo umezidi kidogo tu, naye aliacha tanga zima juu. Ajuaye hulipunguza mapema, wakati mikono ingali na nafasi na mawimbi yangali madogo.

Kisha kuna ramani na dira. Dira haielekei kaskazini halisi mahali pote, nayo hupotoshwa na chuma kilicho karibu, hata simu ya mkononi. Kosa la digrii moja ni dogo, lakini katika safari ya maili 60 litakupeleka kando kiasi cha maili moja, na maili moja yatosha kukutia mwambani. Vivyo hivyo mkondo wa maji. Chombo kikienda maili tano kwa saa, na mkondo ukikisukuma kando maili mbili kwa saa, baada ya saa tatu kimekwenda mbele maili 15 na kando maili sita, ingawa omo haikugeuka hata kidogo. Siku hizi setilaiti huonyesha mahali ulipo bila hesabu yo yote. Ni msaada mkubwa, ila betri huisha, nayo huisha usiku.

Mtu asidhani kwamba elimu ya namna hii ilianza na Wazungu. Ahmad bin Majid, aliyezaliwa Julfar katika nchi ambayo leo ni Falme za Kiarabu, aliandika karibu mwaka 1490 kitabu kikubwa cha misingi ya ubaharia, na mafundisho yake mengine aliyatunga kwa mashairi yapate kukaa kichwani. Mabaharia wa bahari ya Hindi walipima urefu wa nyota kwa kamali, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi alikuwa na vyombo vyake vya kupimia, lakini bahari iliyokuwa mbele yake hakuijua. Alipewa rubani, akafika Calicut kabla ya mwezi kwisha. Watu wengi wamezoea kusema kwamba rubani huyo alikuwa Ibn Majid mwenyewe. Wataalamu wengi wa sasa hawakubali.

Hata hivyo baba mdogo hakukosea kabisa, na ushahidi wake tunao hapa Kongo. Joseph Conrad, Mpoloni aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alianza kazi ya bahari mwaka 1874 akiwa kijana. Alipanda ngazi moja moja, akafanya mitihani ya Uingereza, akashindwa mtihani wa ofisa wa kwanza mara ya kwanza kisha akaushinda. Akashindwa ule wa nahodha, kisha mwaka 1886 akaushinda pia. Mtu huyo mwenye cheti cha juu, aliyevuka bahari kwa tanga, alipokuja mwaka 1890 kupanda mto Kongo kutoka Kinshasa hata maporomoko ya Stanley, yaani Kisangani ya leo, hakujikalia tu akitazama cheti chake. Katika merikebu ile iliyoitwa Roi des Belges alishika daftari, akaandika kila fungu la mchanga, kila kisiki, kila kisiwa cha kuachwa kulia au kushoto. Naam, nahodha wa bahari alirudi kuwa mwanafunzi wa mto. Baadaye nahodha wa merikebu alipougua, yeye ndiye aliyewekwa mahali pake kwa muda.

Kwa hiyo vyuo vizuri havitenganishi mambo hayo mawili. Huko Ufaransa, katika visiwa vya Glénan, Philippe na Hélène Viannay, waliokuwa wamepigana kwa siri na Wajerumani wakati wa vita, walianzisha mwaka 1947 shule ya matanga kwa vijana. Wanafunzi walipika wenyewe, wakaosha vyombo wenyewe, wakatengeneza mashua wenyewe. Sisi twapenda jambo hilo, kwa maana asiyeweza kuoshea wenzake sufuria hatajua kuwaamuru usiku wa dhoruba. Uingereza nako shirika la mashua la kifalme, RYA, hufundisha nahodha wa mchana saa 40 za nadharia, na kando yake siku tano majini. Atakaye cheti kikubwa cha kusafiri mbali na pwani hana budi kuwa na umri wa miaka 18, awe amekaa majini siku 50, amesafiri maili 2,500, na katika hizo ameongoza chombo yeye mwenyewe siku tano. Hapo ndipo mtahini hupanda naye chomboni na kumtazama saa nane au zaidi. Hakuna mtahini amwambiaye, “Nieleze bisho.” Humwambia, “Piga bisho.”

Zoezi moja twataka kulieleza kwa urefu, maana ndilo lionyeshalo tofauti ya kujua na kuweza. Ni kumwokoa mtu aliyeanguka majini. Kitabu chaliandika kwa mistari michache: piga kelele, tupa cho chote kieleacho, mtu mmoja amnyoshee kidole aliyeanguka wala asiondoe macho kwake, geuza chombo, mfikie polepole, demani ikiwa imelegezwa ili tanga limwage upepo na chombo kisimame karibu naye. Mwanafunzi husoma hayo, huyakariri, na siku ya kwanza majini mwalimu hutupa ndoo iliyozibwa na kusema, “Yule ni mtu.” Ndipo kila kitu huharibika. Wa kunyosha kidole hugeuka kutazama kamba, na kumbe kichwa cha mtu kati ya mawimbi hakionekani tena baada ya kufumba jicho. Mshika usukani hufika kwa kasi, akapita. Mara ya pili husimama mbali mno. Mara ya tatu, labda mara ya kumi, ndoo huja taratibu kando ya chombo, na mikono imejifunza jambo ambalo kichwa kilidhani kinalijua. Zoezi hilo hufanywa tena na tena, kwa maana siku ya kweli hakuna mara ya pili.

Huko Lamu mtoto huanza kwa kukumba maji ya ngama, kisha hushika kamba, kisha kana ya usukani wakati wa upepo mwema, nahodha akikaa karibu bila kusema neno. Hapewi karatasi, lakini husahihishwa kila siku kwa miaka. Baba mdogo wa Kilwa, kama yu tayari kufundisha namna hiyo, ana shule mkononi. Akimpa kijana usukani kwa sababu tu ni mtoto wa ndugu yake na amemaliza masomo, hiyo si shule. Twamshauri kijana akae naye mwaka mzima kama baharia, ashike daftari kama Conrad, aandike upepo wa Moero hutoka wapi kabla ya mvua na baada yake, na mafungu yako wapi maji yapunguapo. Ajue kuogelea kabla ya yote. Na akiweza kufika Kinshasa, kuna kituo cha kanda kifundishacho usafiri wa mito na maziwa.

Limebaki jambo moja ambalo kijana hakuliuliza, nasi twaogopa kwamba ndilo litakalomkuta kwanza. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kikielekea Goma kilipinduka katika ziwa Kivu karibu na bandari ndogo ya Kituku, watu wakitazama kutoka ufukoni. Kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Wengi walikufa, wakiwa karibu kufika. Siku ya soko, mwenye chombo atataka magunia kumi zaidi, na mama mwenye mtoto mgongoni atasihi asiachwe, na kijana wa miaka 19 atasimama kati yao na baba yake mdogo. Heshima ya ukoo ni kitu kikubwa kwetu. Lakini desturi ya maji, tangu pwani hata ziwani, yampa nahodha neno la mwisho juu ya kung’oa nanga, na baba mdogo lazima akubali hilo mbele ya watu kabla hajampa mtu usukani. Asipokubali, kijana aukatae.

Lisaidialo ni alama isiyo na ukoo. Mbunge wa Uingereza Samuel Plimsoll alishindana miaka mingi na wenye meli waliozijaza kupita kiasi, mpaka mwaka 1876 sheria ikaamuru kila meli iwe na mstari ubavuni uonyeshao mwisho wa shehena. Mashua ya Moero yaweza kuwa na mstari wake. Chombo kipakiwe siku ya utulivu kiasi kijulikanacho kuwa salama, mahali maji yafikapo pawekwe alama, kisha kivutwe nchi kavu, kipakwe mstari mweupe kulia na kushoto, mpana wa kutosha kuonekana na abiria waliosimama gatini. Magunia yakiufunika, yashushwe kwanza magunia, ndipo watu wapande.