Nimegongwa Mimi, Halafu Nilipe Mimi?



Leo sina mshono mpya wa kukuonesheni. Nina donge, na nimekuja kulitoa.

Mwaka jana nilisimama na kigari changu Mwanakwerekwe, nimepakia majora ya vitambaa, nasubiri watoto wa skuli wavuke. Gari ikaja kwa nyuma, ikanikita. Taa zikavunjika, mlango wa nyuma haufungi. Dereva mwenyewe akasema, "Dada nisamehe, nilikuwa naangalia simu." Askari akapima, akaandika: kosa ni lake.

Mimi nina bima kubwa. Kampuni yangu ikanambia nikisubiri bima ya yule itachukua miezi, bora nitengeneze kwa bima yangu. Nikakubali, maana oda za harusi hazisubiri. Nikalipa kile kiasi ambacho mwenye gari huchangia mwenyewe, gari ikatengenezwa, alhamdulillah.

Mwaka huu naenda kukata upya, bei imepanda. Kwa nini? "Dada, mwaka jana ulidai, kwa hiyo punguzo lako limeondoka."

Punguzo la aliyegongwa ndilo lililoondoka! Nikaelezwa kuwa punguzo lile ni la mtu asiyedai, si la mtu asiye na kosa. Ningejuaje? Siku ninasaini hakuna aliyenambia.

Hebu fikirini. Mteja wangu akichaniwa buibui na mtu mwengine, kisha Idi ijayo nimpandishie bei kwa sababu alichaniwa, si mtaniita dhalimu?

Watasema kampuni ilitoa pesa. Kweli ilitoa. Lakini kanuni za bima zinaipa kampuni iliyonilipa haki ya kumfuata aliyenigonga, au kampuni yake, ili irudishiwe. Na bima ndogo, ambayo kila gari inalazimika kuwa nayo, kazi yake ni kulipa madhara uliyomfanyia mwenzako. Basi wamfuate! Wakirudishiwa, nami nirudishiwe nilichochangia na punguzo langu. Wakiona uvivu kumfuata, gharama ya uvivu wao isiwe juu yangu. Dini yetu imetufundisha kuwa nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyengine.

Na sisi wanawake tuna makosa yetu. Tukigongwa, watu wanatuzunguka: "Basi bibie, ndiyo kadari, samehe yaishe." Kusamehe ni kwema, lakini samehe ukiwa unaijua haki yako, si kwa kuona haya mbele ya wanaume barabarani. Subira si kunyamaza unapodhulumiwa. Dini iliyotuamrisha tuandikiane deni haiwezi kutukataza kudai karatasi.

Kwa hiyo shoga yangu, ukigongwa:

Piga picha kabla gari hazijaondolewa. Chukua namba ya gari yake, iingize katika mfumo wa TIRA MIS kwenye simu uone kama bima yake iko hai.

Usikubali ahadi ya mdomo. Ita askari, na ufuatilie ripoti ya polisi mpaka nakala iwe mkononi mwako. Bila ya hiyo, kutokuwa na kosa ni maneno matupu.

Kabla hujasaini fomu ya madai, uliza kwa maandishi mambo mawili: mtamfuata aliyenigonga? Punguzo langu litabaki? Ukijibiwa kuwa litaondoka na gharama ni ndogo, piga hesabu, huenda ikawa bora umdai yeye moja kwa moja.

Wakikuzungusha, peleka malalamiko TIRA, hata hapa Zanzibar wana ofisi. Pia ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, kabla hujafikiria mahakama.

Mimi barua yangu nimeshaipeleka, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ninayo ndani ya pochi. Wakinijibu nitakuelezeni. Wakinyamaza, pia nitakuelezeni.

Wabillahi tawfiq.