Springi Ngumu Si Dawa

Nduthi ikianza kuchapa chini kwa nyuma, ushauri wa mtaani ni uleule: weka springi ngumu. Mwanaboda analipa, anapanda, anajua ameboresha. Mimi nasema ameharibu.

Shokabzoba ina kazi mbili. Springi hubeba uzito; mafuta yaliyo ndani huizuia isirudi kwa kasi. Funga springi ngumu kwa shokabzoba iliyovuja mafuta, na umejitengenezea mpira wa kudunda. Kila shimo, tairi inaruka, na tairi iliyo hewani haishiki barabara wala haina breki. Weka shokabzoba ndefu kuliko ya kiwanda, mkia unainuka na usukani unakosa utulivu ukienda mbio.

Breki je? Ni zilezile. Fremu ni ileile. Mgongo wa mwanaboda pia ni uleule, ila sasa unapigwa zaidi.

Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu. Springi ngumu inauzwa kwa ahadi ya abiria watatu na gunia juu. Mwenye gunia anaokoa nauli, mwanaboda anabaki na kiuno.

Najua barabara ni mbovu na pesa ni ngumu. Basi anza na ya bure: shokabzoba nyingi zina ngazi za kukaza springi, kaza pande zote sawa. Zikivuja, badilisha zote mbili pamoja, urefu wa kiwanda. Na abiria wa tatu akisimamisha, mwambie asubiri nyingine.