Hati Ndefu Zisizo na Vichwa



Katika sehemu hii ya Kiswahili tumezoea kusoma habari za mpira, safari na mabweni. Leo namwomba Mhariri nafasi niseme juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo: namna tunavyoandika hati ndefu katika kompyuta, na namna msomaji awezavyo kuona njia ndani yake. Mimi silioni kuwa dogo. Limetutia taabuni muhula huu, na taabu itazidi tusipolitengeneza mapema.

Kaka zetu waliokwisha kutoka shuleni wametupa zawadi ya thamani. Kwa miaka kadhaa wamekuwa wakiandikiana na kukusanya historia ya shule: jinsi majengo ya kwanza yalivyosimama, nani alifundisha nini, mambo yaliyopita hapa wakati wa vita vya mwaka 1978 na 1979, mashindano, misiba, hata vyakula vilivyopikwa siku za sikukuu. Haya yote yametiwa katika faili moja la Word lenye kurasa 240, nasi wa kidato cha sita tumepewa kazi ya kulisoma, kusahihisha tahajia na kulitayarisha lichapwe. Twawashukuru kwa moyo wote. Walakini mtu akiuliza, "Habari za maktaba ziko wapi?" hapana awezaye kumjibu ila yule aliyeteremka na kurasa zote toka juu hadi chini, akikodoa macho kama mgeni atafutaye gari la kwao katika stendi ya Kampala.

Si kwamba waandishi hawakuweka vichwa. Wameweka, tena kwa mapambo. Mmoja ameandika kichwa chake kwa herufi nene, mwingine kwa rangi nyekundu, wa tatu amekipigia mistari miwili chini. Kwa macho ya mtu hivyo ni vichwa. Lakini kompyuta haina macho; kwake hayo ni maneno kama maneno mengine, yaliyovishwa nguo ya sikukuu. Ili ijue ya kuwa mstari huu ni kichwa, hapana budi kuiambia, na kuiambia si kazi ya kumtoa mtu jasho. Weka kielekezi katika mstari huo, kisha bonyeza Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja. Hicho sasa ni kichwa cha daraja la kwanza, kama jina la sura. Ukibonyeza 2 badala ya 1 kinakuwa kichwa kidogo kilicho chini ya kile kikubwa, na 3 kadhalika. Katika LibreOffice, ambayo hupatikana bila malipo, ni Ctrl na tarakimu tu. Mapambo hayakatazwi. Wapendao nyekundu waubadilishe mtindo wa daraja lile mara moja, na vichwa vyake vyote vitakuwa vyekundu bila kufuatwa kimoja kimoja.

Ukiisha kufanya hivyo, bonyeza Ctrl na F katika Word ya mwaka 2010 au ya baadaye. Kidirisha kitafunguka upande wa kushoto, nawe uchague sehemu yake ya vichwa. Katika LibreOffice bonyeza F5. Vichwa vyote vitasimama hapo kwa mpango kama wanafunzi mstarini asubuhi. Ukigusa kimoja, umefika. Ukikishika katika Word na kukiburura juu au chini, sehemu yake nzima inahama pamoja nacho. Habari za maktaba, zilizoko kwetu ukurasa 198, zaweza kupelekwa karibu na habari za majengo bila kukata na kubandika kurasa kumi na mbili, kazi ambayo mara nyingi huacha aya moja imesahauliwa nyuma. Ajabu ni kwamba jambo hili si jipya. Tarehe 9 Desemba 1968, huko San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha watu mashine yake yenye kipanya, naye akakunja na kukunjua orodha zenye madaraja na kuruka toka mahali hata mahali katika maandishi. Sisi tuna uwezo huo mezani, nasi bado twateremsha ukurasa kwa kidole.

Sasa nije kwenye namba za kurasa, maana hapa ndipo kaka zetu wengi wanapotuandikia wakiwa na hakika. "Tazameni ukurasa 112," asema mmoja, "jina la mwalimu wetu limekosewa." Tunatazama ukurasa 112, tunakuta habari za kisima. Yeye hakusema uongo. Katika kompyuta yake ni ukurasa 112. Katika yetu ni 117, kwa sababu aina ya herufi aliyoitumia haimo katika mashine yetu, nayo imetia nyingine iliyo pana zaidi. Mwingine ameweka karatasi ya kipimo cha Marekani, sisi twatumia A4. Mtu akiongeza picha moja ukurasa wa tano, kurasa zote zinazofuata zaweza kusogea. Katika hati ya kompyuta namba ya ukurasa ni kama kivuli cha mti: chategemea umesimama saa ngapi. Na faili letu lina orodha ya yaliyomo iliyoandikwa kwa mkono, yenye vitone vingi baada ya kila jina, na namba ambazo zilikuwa kweli siku ile ilipoandikwa, labda na kesho yake. Laiti vichwa vingalikuwa vya kweli, Word yenyewe ingaliifanya orodha hiyo, nasi tungaliigusa na kubonyeza F9 kila hati ibadilikapo.

Watu wa kale walilifahamu hili kabla ya mashine yoyote. Sura za Biblia hazikuwamo tangu mwanzo. Mgawanyo tuutumiao huhesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, aliyefundisha Paris kabla ya kuwekwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1207. Na namba za mistari ya Agano Jipya tuzijuazo zilitiwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Faida yake kila mwanafunzi hapa anaiona. Msomaji akitaja sura na mstari, mwenye kitabu kikubwa, mwenye kitabu cha mfukoni, mwenye Kiganda na mwenye Kiswahili wote hufika mahali pamoja, wala hapana aulizaye ukurasa wa ngapi. Alama iko ndani ya maneno yenyewe, haiko katika karatasi.

Najua jibu la rafiki zangu wa chumba cha kompyuta. Husema, "Vichwa vya nini? Andika neno katika kisanduku cha kutafutia, likuletee." Jibu hilo latosha kwa atafutaye jina la mtu. Lakini kwa Kiswahili chetu halifiki mbali, na nashangaa kuwa halisemwi darasani. Lugha yetu hubadilisha neno mbele. Ukitafuta "mwalimu" hupati "walimu". Ukitafuta "kitabu," "vitabu" vyote vinakupita. Wajanja hukata kichwa cha neno wakatafuta "alimu" na "tabu," na hapo wamefaulu. Basi watafute jicho na macho kwa pamoja! Kilicho sawa katika maneno hayo ni "cho" tu, nayo itawaletea "hicho" na "ambacho" na "chote" na "chombo" mpaka wachoke. Atafutaye kuta za bweni la zamani ataletewa "kutaka," "kutafuta" na "walikutana." Zaidi ya hayo, kutafuta kwahitaji ulijue neno alilotumia mwandishi. Mmoja wa kaka zetu ameandika kurasa tatu nzuri sana juu ya ukame wala hakuliandika neno ukame hata mara moja, amesema "mwaka ule wa jua." Kichwa kingemtambulisha.

Nimelichelewesha lililo zito kuliko yote. Katika kidato chetu yumo mwenzetu asiyeona. Yeye husoma kwa masikio, kwa programu iitwayo NVDA, iliyoanzwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye naye haoni, nayo hutolewa bure. Hati ikiwa na vichwa vya kweli, mwenzetu huiweka programu katika hali ya kupitia maandishi, akabonyeza H, akasikia kichwa cha kwanza. Akabonyeza tena, cha pili. Aweza hata kuitisha orodha ya vichwa vyote akachague. Nimemwona akifika mahali katika kitabu cha historia ya darasani kabla sijafungua changu. Lakini katika faili la kaka zetu akibonyeza H aambiwa ya kuwa hapana kichwa. Herufi nene hazimfai kitu, wala nyekundu, wala mistari miwili. Sisi wenye macho angalau twateremka tukitupa jicho; yeye hana jicho la kutupa. Ukurasa mmoja ukisomwa kwa dakika mbili, kurasa 240 ni saa nane, nazo ni za kusikiliza tu, bila kurudi nyuma. Alipewa sehemu yake ya kusahihisha sawa na sisi sote. Siku ya pili akasema kwa utulivu, "Nipeni tu nichape majina." Wala hakuna aliyemjibu. Kijana huyu ndiye ajuaye Kiswahili kuliko wote kidatoni, na faili hili linamhitaji yeye kuliko linavyonihitaji mimi.

Wako wasemao ya kuwa mambo haya ni ya shule zenye kompyuta nyingi. Nionavyo mimi, ni kinyume. Mwenye mashine yake nyumbani ana usiku kucha wa kuteremka na ukurasa. Sisi tuna kipindi cha dakika arobaini, watatu kwa mashine moja, na umeme ukiwa na hasira waweza kuondoka katikati. Dakika kumi za kwanza zikiisha katika "tulikuwa wapi jana?" kipindi kimekwisha robo. (Kwa swali hilo hasa, katika Word, fungua hati na kubonyeza Shift na F5, itakurudisha mahali ulipoandika mwisho. Wengi hawajui, nami nalitaja bure bila malipo.) Wasomao kwa simu nao wasijitoe: katika Google Docs vichwa vya kweli huonekana hata kwenye simu, na vile vya mapambo havina hakika.

Kosa si la kaka zetu, maana wengi wao walijifunza kwa taipureta, na katika taipureta kichwa kilikuwa herufi kubwa na mstari chini, basi. Lawama naiweka karibu zaidi. Sisi tusomao kompyuta kama somo dogo la kidato cha tano na sita twafundishwa vichwa na orodha ya yaliyomo, twavifanya vizuri siku ya mtihani, na jioni ile ile twaandika ripoti ya chama kwa herufi nene. Ndugu zetu wa vidato vya chini waandikao ripoti za miradi hawakuambiwa neno. Kwa hiyo nawaomba walimu wetu waheshimiwa, kwa adabu yote impasayo mwenye miaka kumi na tisa: hati ya kurasa zaidi ya kumi isiyo na vichwa vya kweli irudishwe kwa mwenyewe kabla ya kusomwa, kama inavyorudishwa karatasi isiyo na jina. Nimewasikia wenzangu wakisema huu ni ukali. Kumrudishia mtu kazi ya robo saa si ukali kama kumwachia msomaji saa nane.

Tena nisieleweke vibaya. Vichwa vikizidi navyo ni taabu. Word ina madaraja tisa, na nimeona ripoti ya kurasa sita iliyoyatumia matano, kila aya ikiwa na bendera yake. Kwa historia yetu naona madaraja mawili yatosha: la kwanza kwa jambo lenyewe, kama Majengo, Masomo, Michezo, Vita, la pili kwa miaka. Wako wapendao miaka itangulie. Nami nasema hakuna aulizaye "mwaka 1964 kulikuwa na nini?" Watu huuliza habari za kisima.

Basi kaka zetu, hali ya kazi ndiyo hii. Kurasa 60 za kwanza zimekwisha kutiwa vichwa, na mwenzetu niliyemtaja amekwisha kuzipitia zote. Ameona makosa 41 ambayo sisi tulikuwa tumeyapita. Toka ukurasa wa 61 hadi 94, kwa hesabu ya mashine yetu, mna habari nyingi zisizo na mwaka, na kichwa cha daraja la pili hakiwezi kuandikwa bila mwaka. Twahitaji kujua ni lini tangi la maji lilipasuka, na ni nani aliyekuwa kiranja mkuu wakati ule. Ajuaye atuandikie kabla ya kufunga shule. Asitutajie ukurasa, atutajie jambo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita