DHAHABU, MAZIWA NA MOLEKULI ZIJIPANGAZO

Ratiba za shule zetu za sekondari zimeitenga kemia na biolojia kama majirani wasioamkiana. Katika kipindi kimoja mwanafunzi husoma metali, chumvi na asidi. Katika kipindi kingine husoma damu, protini na seli. Aghalabu haambiwi kwamba vitu vya makundi hayo mawili, vikitiwa katika maji mamoja, huweza kushikana na kujipanga vyenyewe pasipo mkono wa mtu kuvipanga. Maoni yangu ni kwamba pengo hili lina madhara, na kwamba mwalimu hana haja ya kungojea muhtasari mpya ili aanze kuliziba.

Tuchukue mfano uliomo katika zahanati zetu, yaani kipimo cha haraka cha malaria. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na kipimo hiki kimeliwezesha jambo hilo hata mahali pasipo na darubini. Katika vipimo vya aina nyingi, mstari mwekundu utokeao ni dhahabu. Ni chembe zenye kipenyo cha makumi machache ya nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kiwandani chembe hizo huchanganywa majini na kingamwili, ambazo ni protini zenye uwezo wa kutambua kitu maalumu. Hakuna chombo kizibandikacho protini hizo moja moja. Zenyewe hutua juu ya dhahabu na kushika hapo. Damu yenye vijidudu vya malaria ikipita, protini ya vijidudu hivyo hunaswa kati ya kingamwili zilizo juu ya dhahabu na nyingine zilizofungwa mahali pa mstari. Chembe za dhahabu hulundikana hapo hata jicho likaziona. Dhahabu huleta rangi, protini huleta utambuzi. Kimoja bila ya kingine hakifai kitu.

Ni kanuni gani iongozayo upangaji wa namna hii? Mwanafunzi asidhani kuwa molekuli zina nia. Ndani ya maji kila chembe husukumwa huku na huku na molekuli za maji zitikiswazo na joto, hivyo chembe hugongana mara nyingi mno. Migongano iliyo mingi haizai kitu. Ni pale tu maumbo na chaji zinapolingana ndipo chembe hushikana. Na hapa pana jambo ambalo halisisitizwi vya kutosha darasani: ili mpango safi upatikane, mshikano haupasi kuwa na nguvu kupita kiasi. Ukiwa hivyo, chembe iliyotua mahali pasipo pake haiwezi kung'oka tena, na matokeo yake ni rundo lisilo na utaratibu. Mshikano ukiwa dhaifu kiasi, kosa hufunguka, na chembe hujaribu tena.

Jambo hili limeonekana waziwazi katika majaribio yaliyofanywa Marekani. Mwaka 1996 kundi la Chad Mirkin katika Chuo Kikuu cha Northwestern, na kundi la Paul Alivisatos na Peter Schultz huko Berkeley, California, yalitangaza kwa wakati mmoja kwamba chembe za dhahabu zilizovikwa nyuzi za DNA huweza kuunganishwa kwa kufuata mpangilio wa nyuzi hizo. Katika mmumunyo wa Mirkin, chembe zilipokuwa mbalimbali maji yalikuwa mekundu. Nyuzi ziliposhikana na chembe zikakaribiana, rangi iligeuka kuwa ya zambarau. Maji yalipopashwa moto nyuzi ziliachana na wekundu ukarudi. Mwaka 2008 kundi la Mirkin, na jingine la Oleg Gang katika maabara ya Brookhaven, yalionyesha kwamba vifungo hivyo vikiruhusiwa kufunguka na kufunga tena, chembe hujipanga kuwa fuwele zenye safu sahihi. Joto, tulilozoea kulihesabu kuwa adui wa utaratibu, hapa limekuwa fundi wake.

Wapo wenzangu waliorudi na shahada za uzamivu kutoka ng'ambo, nami nilisoma huko kama wao, wasemao kwamba mambo haya hayafundishiki pasipo mashine za bei kubwa. Sikubaliani nao, kwani glasi ya maziwa ni maabara tosha. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina takriban gramu 1.2 za kalsiamu, pamoja na fosfeti nyingi. Katika maji matupu viwili hivyo vingeungana na kutuama chini kama unga wa jiwe. Havituami kwa sababu protini iitwayo kaseini huvizunguka vikingali vipande vya nanomita chache. Kisha maelfu ya molekuli za kaseini na vipande hivyo hujikusanya kuwa vitufe vyenye kipenyo cha nanomita 100 hadi 200 hivi. Ndivyo ndama apatavyo madini ya mifupa yake katika kinywaji. Hata maziwa yaliyotolewa mafuta hubaki meupe, kwa kuwa vitufe hivyo hutawanya nuru.

Mwalimu na atie maziwa katika glasi mbili, na ya pili aidondoshee maji ya limau huku akikoroga. Asidi huondoa chaji zilizovitenga vitufe, na huyeyusha fosfeti ya kalsiamu iliyovishikilia. Mpango huvunjika, protini hugandana, na maji ya kimanjano hubaki. Kisha na aulize: kalsiamu iliyokuwa ndani ya vitufe sasa iko wapi? Darasa litakalobishana juu ya swali hilo litakuwa limeingia katika kemia na biolojia kwa mlango mmoja.

Nchi yetu huchimba dhahabu Geita na kwingineko. Lakini dhahabu iliyomo katika kipimo kimoja cha malaria haitikisi hata mizani ya sonara. Thamani ya kipimo imo katika maarifa ya kuipanga. Taifa liuzalo metali na kununua maarifa litabaki mnunuzi daima.

Aidha, jambo hili lahusu uhai. Joto lisaidialo molekuli kujipanga, likizidi, huharibu umbo la protini. Ndiyo sababu pakiti za vipimo huandikwa kiwango cha joto la kuhifadhia, aghalabu lisilozidi nyuzi 30 au 40 za Sentigredi. Pakiti iliyosahauliwa chini ya bati kwa majuma mengi yaweza kushindwa kuonyesha mstari kwa mtoto mwenye malaria, naye akarudishwa nyumbani bila ya dawa. Mtunza ghala aliyekariri amri ya kuhifadhi mahali pa baridi huisahau siku ya shughuli nyingi. Aliyeelewa kwamba ndani ya pakiti ile mna protini zenye umbo liharibikalo ana sababu ya kuikumbuka. Mtunza ghala huyo leo yumo darasani, kidato cha pili au cha tatu. Walimu wa kemia na biolojia na wakae pamoja saa moja tu, wampangie somo hilo.